The Lion King ya 2019: wahakiki hawakuionea

Nimeitazama The Lion King ya 2019, filamu ya Disney kuhusu mwana-simba aitwaye Simba, sebuleni na wanangu, na sasa naelewa kwa nini wahakiki waliikunjia uso ilipotoka. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, ni kama nusu tu yao walioisifu, ilhali watazamaji wa kawaida waliipenda sana na mapato yake duniani yakapita dola bilioni 1.6. Pengo kubwa hivyo lilinisumbua, kwa hiyo tukaitafuta na ile ya kwanza ya 1994, ya katuni za kuchorwa, tuzilinganishe.

Kwa picha, hawa watu wanajua kazi. Mwongozaji Jon Favreau na mafundi wake walitengeneza karibu kila kitu kwa kompyuta. Picha halisi ya kamera ni moja tu, ile ya jua kuchomoza mwanzoni. Kuna mahali kishungi cha nywele za Simba kinapeperushwa na upepo, twiga anakila pamoja na majani, kinatokea kwenye kinyesi, mdudu anakiviringisha, kisha siafu wanakibeba mpaka kinamfikia Rafiki, yule nyani mzee mwenye hekima. Watoto walikifuata kwa macho bila kusema neno. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar ya madoido ya picha, na ilistahili.

Tatizo ni nyuso. Nyumbu wameshapita korongoni, Simba anamkuta baba yake amelala chini. Mwaka 1994 wachoraji walimpa mtoto yule macho makubwa yanayolengalenga machozi, masikio yameanguka, halafu anajipenyeza chini ya mkono wa Mufasa. Hata mtu mzima unameza mate. Katika hii mpya, Simba ni simba kweli kama wa mbugani, na simba wa mbugani hakunji nyusi wala midomo haimtetemeki. Sauti inalia, uso umetulia tuli. Binti yangu akaniuliza, "Mama, mbona Simba halii?" Hilo ndilo wahakiki walilolilalamikia, na mtoto ambaye hajasoma uhakiki wowote aliliona.

Nyimbo nazo zimeumia. Wimbo wa Scar, ami yake Simba mwenye roho mbaya, umekatwakatwa, karibu anauongea badala ya kuuimba. Ule wa mapenzi, unaosema habari za usiku, Beyoncé na Donald Glover, sauti za Nala na Simba wakubwa, wanauimba mchana kweupe! Sauti zao tamu, lakini nani alipitisha jambo hilo?

Nisichoafikiana na wahakiki ni lawama kwamba ni nakala tupu. Kwa mtoto ambaye hajaiona ya zamani, hiyo si hoja. Tena kumsikia James Earl Jones akirudi kuwa Mufasa baada ya miaka 25 kulinisisimua mwili. Timon na Pumbaa, marafiki wachekeshaji wa Simba, kwa sauti za Billy Eichner na Seth Rogen, walituvunja mbavu, kwa sababu utani wao uko kwenye maneno na hauhitaji uso.

Kama una watoto, waanzishie ile ya 1994, dakika 88 tu. Hii inakaribia saa mbili, na wadogo wanachoka katikati. Baadaye waonyeshe hii kwenye skrini kubwa kadiri utakavyopata, kwenye simu utaikosa raha yake yote. Walio chini ya miaka mitano kaa nao karibu fisi wanapoingia, wanatisha kuliko wale wa kuchorwa. Ya 2019 naipa nyota tatu kati ya tano. Ya 1994, zote tano.