Regyuleta ya hatua mbili kwa trela la kambi: nzuri, ila usiinunue kabla ya kupima

Kifaa hiki hushusha presha ya gesi ya mtungi kwa hatua mbili kabla haijafika jikoni. Ikiwa ni ya kujibadili, mtungi mmoja ukiisha, yenyewe huhamia wa pili, na presha hukaa karibu na inchi 11 za maji (kipimo cha presha ndogo ya gesi) hata jiko, friji na hita vikiwaka pamoja. Ya hatua moja huyumba. Lakini moto ukififia, regyuleta si lazima iwe mbovu: mara nyingi koki ya mtungi imefunguliwa kwa pupa, kizuizi cha usalama kwenye kiungio kikabana gesi. Zima vifaa vyote, funga mtungi, subiri dakika chache, fungua polepole mno. Bado dhaifu? Pima presha. Tundu la kupumulia la regyuleta litazame chini. Nyigu hupenda kuliziba. Mwongozo wa regyuleta hii ni hovyo. Ukishaiunganisha regyuleta, paka viungio maji ya sabuni. Povu likitokota, funga mtungi, kaza upya.