Uzoefu wangu: alaimenti na kemba ya Mazda Roadster hapa Unguja, tairi za nyuma zilikuwa zinaliwa kwa ndani

Assalam alaykum ndugu zangu. Nina Mazda Roadster ya 2001, ile ya toleo la NB, injini lita 1.8, gari ya watu wawili na turubai juu, imetoka Japani ikateremka Malindi kama gari zetu nyingi, na mwenyewe wa kule alishaishusha kwa springi fupi. Naandika haya kwa yeyote mwenye gari ndogo ya kukimbia hapa Unguja, mana watu wanalipa pesa ya alaimenti, yaani kunyoosha pembe za tairi, afu gari inarudi vile vile, na sababu yake mie nimeiona kwa macho yangu: fundi anazungusha tairodi za mbele tu (vile vyuma vinavyogeuza tairi ukikata usukani) na chini ya gari hajaingia kabisa.

Shida yangu ilianza kwenye tairi za nyuma. Ukizitazama kwa nje utasema mpya, meno yamejaa vizuri, lakini ukipeleka mkono kwa ndani, upande usioonekana mpaka gari ipande jeki, ni upara mtupu na ile ya kushoto waya zishaanza kuchomoza zinachoma kidole. Jamani hii ni hatari, mvua ya masika ikishuka na tairi ya vile nyuma gari nyepesi kama hii inakugeuka hivi hivi. Na usukani nao ulikaa upande, ukitaka gari iende sawa lazima uushikilie umepinda kulia. Sasa kuvuta kushoto kidogo ni kawaida kwetu, barabara imeinuliwa katikati ili maji yateremke pembeni na sisi tunakwenda kushoto kwahiyo gari inafuata mteremko, ila yangu ilikuwa inavuta hata nikikaa katikati ya barabara ya Fumba asubuhi pasipo na mtu.

Gereji ya mwanzo siitaji jina. Mashine wanayo nzuri tu, ile ya kamera na skrini kubwa, kijana kafunga vile vibao vya kupimia kwenye rimu, kalegeza nati za tairodi mbele, kazungusha kidogo, namba za mbele zikawa kijani, kanambia tayari bosi. Nikamwonesha namba za nyuma, nyekundu zote. Kanijibu nyuma ya gari hii hairekebishiki, imeshushwa ndo ishakuwa hivyo. Na pesa kachukua kamili.

Hapo ndo paliponiuma, kwa sababu si kweli hata kidogo. Gari nyingi za kawaida, nyuma kweli huna cha kugusa, lakini Roadster hii ina wishiboni mbili kila tairi, yaani amu ya juu na ya chini zinazoishika tairi, mbele na nyuma, na Mazda wenyewe wameiacha irekebishike pembe zote nne. Ingia chini utaona zile bolti zinazoshika amu ya chini kwenye chesisi, kila tairi ina mbili, na kila bolti ina washa kubwa ya duara ambayo tundu lake halipo katikati, pembeni ina vialama vidogo vidogo kama rula. Ukiizungusha bolti, ile washa inaisukuma amu nje au inaivuta ndani. Mbele bolti hizo mbili zinakupa kemba (tairi inavyolala juu kwenda ndani au nje) na kasta (mhimili wa kugeuzia tairi unavyolala kwenda nyuma), nyuma zinakupa kemba na tou (tairi inavyoangalia ndani au nje kwa mbele). Tairodi inarekebisha tou ya mbele tu, basi. Kwahiyo fundi akishika tairodi peke yake kwenye gari hii kaacha kazi nyingi kuliko aliyoifanya.

Na nyuma ndo kunakoamua gari inaelekea wapi. Tairi za nyuma zikiangalia pembeni mkia wa gari unakwenda huko na pua inageukia upande wa pili, wewe unasahihisha kwa usukani, ndo mana usukani unakaa upande hata kama mbele kumenyooshwa vipi.

Nikaelekezwa gereji nyingine maeneo ya Kiembe Samaki, fundi mtu mzima, maneno machache. Swali lake la kwanza, "Gari inalala wapi mwanangu?" Nkamwambia Mazizini, karibu na pwani. Kasema, "Basi mashine iache kwanza, twende chini."

Akaipandisha, akatia mtaimbo akatikisa kila amu kuangalia bushi (raba za kwenye maungio) na boljointi, akashika kila tairi juu na chini akaivuta na kuisukuma. Anasema bushi ikiwa imekufa hizo namba za mashine ni bure, unazipata gari ikiwa imesimama, ukifunga breki tu tairi ishahama. Akapima upepo, ulikuwa umejazwa kupita kiasi, akauteremsha mpaka psi 26 kama inavyotaka gari hii, mana ni nyepesi, haifiki kilo 1,100.

Halafu bolti zenyewe. Hapa ndo nataka watu wa visiwani mnielewe vizuri. Chumvi ya bahari inaingia ndani ya bushi, kule katikati kuna kipande cha bomba la chuma ambacho bolti inapita, kutu inavigandisha vikawa kitu kimoja. Nati ya nje unaifungua bila tabu, unadhani mambo safi, kumbe bolti haizunguki, na ukiilazimisha kwa spana ndefu unaisokota raba ya bushi mpaka inachanika. Fundi akapiga dawa ya kutu zote akaiacha gari ilale pale pale. Asubuhi akaanza tena taratibu, robo mzunguko kwenda, robo kurudi, dawa tena, na kila moja iliyokubali ilitoa mlio mkali wa chuma kisha vumbi jekundu likamwagika. Ya nyuma kushoto ikakataa kabisa. Na ndio tairi ileile iliyokuwa inatoa waya. Ikabidi aikate kwa msumeno pande zote mbili za bushi, mie nikaagiza bolti mpya na washa zake na bushi kutoka Dar zikaja na boti. Kabla ya kuzifunga akazipaka grisi kila mahali zinapogusana na chuma, ili siku nyingine zifunguke.

Ndipo tukaenda kwenye mashine. Kwanza akaisukuma gari mbele na nyuma mara kadhaa, akaikandamiza pembe zote, mana ikitoka kwenye jeki inakuwa imejibinua na ukipima hapo unapima uongo. Kisha kanambia ingia ukae kwenye siti yako. Nikakaa mle muda wote wa kazi, yeye yuko shimoni. Nilimuuliza kwanini, akasema gari hii unaendesha peke yako na ni nyepesi, uzito wako unaubadilisha upande wa kulia, sasa tuipime vile itakavyotembea.

Kaanza nyuma, kemba halafu tou, ndo akaja mbele kasta, kemba, na tou mwisho kabisa usukani ukiwa umefungwa umenyooka. Utaratibu huu si wa kupangua, mana ukigusa kemba tou nayo inahama, ukianza na tou utarudia kazi.

Karatasi zote mbili ninazo. Kabla, nyuma kushoto kemba ilikuwa hasi (yaani imelala juu kwenda ndani) digrii 2 na dakika 50, dakika 60 ni digrii moja, kulia hasi 1 na dakika 40, na tou ya nyuma ilikuwa inaangalia nje. Sasa nyuma ni hasi digrii 1 na nusu kote kuwili, tou ndani dakika 10 kila tairi, mbele kemba hasi digrii 1, tou karibu na sifuri, kasta karibu digrii 5 kulia na kushoto sawa. Watu wengi lawama zote wanaipa kemba, lakini kemba ya digrii moja na nusu peke yake haili tairi upesi, inayokula ni tou. Tairi inaburuzwa upande kila hatua inayokwenda, na ikiwa imelala kwa juu kuelekea ndani basi ukingo wa ndani ndo unaobeba mburuzo wote.

Nilimuuliza kuhusu kuweka mbele hasi 2 na nusu kama gari za mashindano. Akanieleza vizuri, kule gari inakata kona kwa kasi kubwa na inalala, ile kemba inaifanya tairi ya nje ikae bapa wakati wa kona, wewe unakwenda zaidi moja kwa moja na foleni ya Mwanakwerekwe, utakula ndani ya tairi na breki itapungua kushika kwa sababu unagusa lami kwa kipande kidogo.

Niliijaribu kwenda Paje kupitia Tunguu. Pale Jozani, kwenye matuta yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe, zamani kila tuta nyuma ilikuwa inatikisika na kuruka upande, sasa inapanda na kushuka imetulia. Ukitoka pale barabara ikinyooka unashika usukani kwa vidole, umekaa katikati sawasawa, na ukitoka kwenye kona unarudi wenyewe bila kuuvuta. Wallahi niliiona kama gari nyingine, furaha niliyokuwa nayo siwezi kuificha.

Yasiyonipendeza: foleni pale ni ndefu na yeye hakimbizwi, njia ya kupandia mashine ni kali kwa gari iliyoshushwa, tulitandika mbao ndo bampa ikapita, na kivuli cha kusubiria hakuna. Alaimenti pembe nne nimelipa elfu 70, kukata bolti na kufunga bushi elfu 50 mbali na spea. Kwa Unguja si rahisi, lakini mie ningelipa tena leo leo, mana tairi mbili za 195/50 R15 zinazidi hapo.

Ukipeleka gari popote, kabla hawajafunga vibao waulize kama watagusa bolti za nyuma, na dai karatasi ya kabla na ya baada. Kwa huyu fundi nenda asubuhi mapema, Ijumaa usiende kabisa, wakiondoka kwenda msikitini kazi ya bolti zenye kutu haianzwi tena mpaka Jumamosi.