Sakafu ya mbao ya nje imechakaa: upake nini?

Kibaraza changu cha mbao kule Kigamboni kilinila pesa mara mbili. Mninga safi, fundi hodari, vanishi ya klia inayong'aa mpaka wageni wakawa wanavua viatu. Masika ya pili ilipokwisha, vanishi ilikuwa ikibanduka kama magamba ya changu, na chini yake mbao nyeusi. Nilipiga msasa siku nne. Tangu hapo, nikishika kopo dukani nauliza kwanza litazeeka vipi.

Kwa hesabu hiyo, chaguo langu la kwanza ni mafuta ya mbao yenye rangi. Yanazama kwenye nyuzi bila kuacha ngozi juu, kwa hiyo hayana cha kubanduka, yanapauka tu. Rangi iliyomo si urembo. Chembe zake ndizo zinazokinga jua, na jua ndilo linaloigeuza mbao kuwa ya kijivu, ndiyo maana mafuta ya klia siyashauri. Yakipauka unaosha, unakausha, unapaka mkono mmoja, yaani tabaka moja, basi. Pwani hesabu kila mwaka, penye kivuli huenda miaka miwili. Paka kidogo na ufute yanayobaki juu, la sivyo utatembea juu ya gundi wiki nzima. Tahadhari moja kubwa: vitambaa vyenye mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) vikirundikwa pamoja vinaweza kushika moto vyenyewe, bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke, au vitie kwenye ndoo ya maji.

La pili ni rangi ya maji ya kufunika, ile ya akriliki iliyoandikwa kuwa ni ya sakafu za nje. Inafaa pale ambapo sakafu imeshatiwa viraka: huku mninga, kule msonobari. Uzuri wa mbao unaupoteza, na njia ya miguu italika mapema.

Vanishi ya boti naiweka ya tatu, ingawa kwa mlango au mkono wa ngazi ningeipa ya kwanza. Sakafuni mchanga unaikwaruza, maji yanapenya kwenye mkwaruzo, kisha yanaibandua kutoka chini.

Oili chafu ya gereji ni bure, na inabaki kuwa ghali: inachafua nguo, inanuka, na ukibadili mawazo hakuna rangi itakayoshika juu yake. Mabaharia wa majahazi walipaka sifa, mafuta ya papa, na mbao zao zilidumu. Harufu yake lakini, labda uwe unalala jahazini. Zipo pia rangi nzito za kuziba nyufa, zilizovuma Marekani. Nyingine zilibanduka vibaya hadi wanunuzi wakaenda mahakamani. Ziache.

Kabla ya kulipa, chomachoma mbao kwa bisibisi. Inapozama kama kwenye muhogo uliochemshwa, pameoza, badilisha ubao. Kisha dondosha maji: yakinywewa upesi, mbao iko tayari kwa mafuta; yakisimama kama shanga, kuna vanishi ya zamani ya kuondoa. Msasa namba 60, halafu 80, uishie hapo. Mbao iliyosuguliwa ikawa laini mno hainywi mafuta. Kama zile ni mbao za kijani zilizotiwa dawa, vaa barakoa na usichome vumbi lake, huenda lina arseniki, ambayo ni sumu. Karibu na bahari suuza chumvi kwa maji yasiyo ya bahari, uache mbao zikauke siku kadhaa. Mimi hufanya kazi hii kati ya Juni na Septemba, na hupaka jioni, mbao zikiwa zimepoa.

Makopo husema lita moja inatosha mita za mraba 10 au zaidi. Mbao iliyochakaa hunywa, kwa hiyo mkono wa kwanza kadiria nusu ya hapo. Nunua yote siku moja, uyachanganye kwenye ndoo moja kabla ya kuanza. Jirani yangu aliongeza kopo moja wiki iliyofuata, na mpaka leo sakafu yake ina mstari katikati.