Cherehani kizuri, bobini si zake, na muuzaji aliyeniambia sijui kushona

Hasira niliyonayo ilianza kabla ya Idi na mpaka leo haijapoa, kwa hiyo naandika. Nilinunua cherehani cha umeme cha nyumbani, Kariakoo, upande wa Mtaa wa Msimbazi. Mkitaka kujua kina mishono mingapi na kinakula umeme kiasi gani, boksi lake limeeleza. Mimi naongelea bobini, kile kidude cha kuzungushia uzi wa chini. Kitu unachoweza kukifunika kwa kidole gumba, kimenipotezea kazi ya sendofu na kikasababisha nidhalilishwe mbele za watu.

Nimeanza kushona nikiwa msichana, kwenye Butterfly ya mama, ile nyeusi ya kukanyaga. Bobini nimejaza maelfu. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu aliyeniuzia alinifanya kama sijawahi kushika sindano.

Siku ya kununua mambo yalikuwa mazuri. Kijana mchangamfu, "karibu anti, karibu mrembo", akanifungulia boksi, akanionyesha kinavyoshona, akafunga. Ndani ya kesi ya bobini, kile kikopo kinachoishika chini ya mashine, kulikuwa na bobini moja iliyokuja na mashine. Nikataka za akiba. Akatoa pakiti ya bobini za chuma kwenye droo ya kaunta, zinang'aa. Nikamuuliza wazi, hizi ndizo za mashine hii? Akanijibu bila hata kuitazama pakiti: "Anti, bobini zote ni moja tu." Nikalipa, nikapakia bajaji hadi Mbagala.

Mwanzoni nilikipenda hicho cherehani, sitadanganya. Nilishona madera, nikashona mapazia ya jirani, mshono umelala kama nilivyotaka. Hakina kelele, mtoto analala chumba hicho hicho. Kisha uzi wa ile bobini ya kwanza ukaisha, nikachukua moja kutoka kwenye pakiti, nikaijaza, nikaitumbukiza kwenye kesi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Uzi ukaanza kujirundika chini ya kitambaa, umefumka kama sufi ya mto uliopasuka. Ukikata, ukaanza tena, unaenda vizuri mwendo wa shubiri mbili, mara chini panalegea, mara panakaza hadi kitambaa kinajikunja, mara uzi unakatika. Na kule ndani kukawa na kugongagonga ambako hakukuwapo.

Wanaoshona wanajua mambo haya, lakini nayaandika yote ili asitokee mtu wa kuniambia "ulitunga uzi vibaya". Uzi ukijazana chini, mara nyingi kosa liko juu: uzi wa juu haujaingia kati ya vile visahani vya kukazia. Ukitunga uzi huku mguu wa mashine, ule unaobana kitambaa, umeshushwa, visahani vinakuwa vimebana, uzi unapita pembeni na hakuna kinachoushika. Kwa hiyo nilinyanyua mguu, nikatoa uzi wote, nikatunga upya toka kwenye kigurudumu, nikahakikisha umepita kwenye ule mkono unaopanda na kushuka. Hali ile ile. Nikabadilisha sindano, nikaweka mpya namba 14, upande bapa nyuma kama mashine hii inavyotaka. Hali ile ile. Nikafungua bamba, nikasafisha vumbi la nyuzi kwenye meno na pale ndoano inapozunguka. Nikabadilisha uzi. Nikatoa bobini nikaangalia inazunguka upande gani: kwenye kesi hizi zinazoingia kwa mbele, ukiishika bobini ikikutazama na ukavuta uzi, izunguke kama mishale ya saa. Ilikuwa inazunguka sawasawa. Nikaijaza upya polepole, uzi umepita kwenye kisahani chake cha kujazia ili usilale ovyo. Wapi!

Kilichonitia shaka ni kwamba kosa lilikuwa linakuja na kuondoka. Kama ni kukazwa kwa uzi kumekosewa, mshono unaharibika kwa namna moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, wote umelegea au wote umekaza. Huu wangu ulikuwa unabadilika ndani ya mshono mmoja. Hiyo ni dalili ya kitu kinachocheza huko ndani. Nilijua ni chini. Ila sikufikiria bobini yenyewe, maana niliuliza dukani na nikajibiwa.

Na wakati huo nina satini ya watu mezani. Sare za sendofu, dada wa bibi harusi na wenzake, rangi ya zambarau. Satini haina msamaha: ukifumua mshono, matundu ya sindano yanabaki pale pale, yanaonekana toka mlangoni. Magauni mawili yalivutwa kitambaa hadi chini ya bamba, ikabidi nikate. Nilinunua kitambaa kingine kwa hela yangu, na hata hivyo kazi iliyobaki wakaipeleka kwa mwingine. Siwalaumu, siku yao ilikuwa imekaribia. Lakini wale walikuwa wateja wangu wa miaka, na mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana kwa kukwepana macho.

Nikabeba cherehani, nikarudi Kariakoo.

Yule mchangamfu wa "mrembo" hakunitambua, au alijifanya. Nikaeleza kwa upole. Duka limejaa, Jumamosi. Akaweka mashine kwenye kaunta, akachukua bisibisi, akatoa kesi ya bobini na bila kuniuliza chochote akaikaza ile skrubu ndogo ya pembeni, inayobana uzi wa chini. Kaza, kaza. Nikamwambia, baba, hiyo skrubu huguswa robo ya mzunguko tu, tena chini ya hapo, wewe umezungusha kama unafunga tairi. Hakunijibu. Akachukua bobini yake mwenyewe toka kwenye mashine ya maonyesho, akaiweka, akakunja kipande cha jinzi mara mbili, akashona. Ikashona. Kwenye jinzi nzito iliyokunjwa, uzi wa chini hata ukikazwa kupita kiasi kitambaa hakijikunji, kwa hiyo mshono ulionekana mzuri tu.

Akageukia watu waliokuwa wanangoja, siyo mimi, akasema kwa sauti: "Mnaona? Mashine haina shida. Shida ni mtumiaji." Watu wakacheka. Mama mmoja pale pembeni hakucheka, Mungu ambariki.

Nikamwambia, sasa weka bobini yangu hii, mliyoniuzia ninyi, ushone tena. Nilikuwa nimeishika mkononi. Akasema: "Anti, usinipotezee muda. Nenda kajifunze kwanza, ukishajua njoo." Nikamwomba niongee na mwenye duka. Akaninyooshea kidole kwenye maandishi ya ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, akamhudumia mwingine.

Sikutaka kurudisha! Nilitaka aweke bobini moja. Sekunde ngapi hizo? Angeiweka, angesikia inavyogonga, tungemaliza palepale, na mimi ningemshukuru na kumletea wateja. Badala yake nikarudi Mbagala na mashine mapajani, kesi imeharibiwa skrubu, nimetukanwa na kijana ambaye nina hakika hajawahi kushona hata pindo la shuka. Siku hiyo kama ningekuwa naandika haya, ningesema msinunue cherehani hicho hata mkipewa bure. Nilikiapia kabisa.

Aliyenitoa ni mzee mmoja fundi wa vyerehani, anakaa kibarazani kule Temeke, njia ya kwenda Tandika. Nilimwamkia, nikaweka mashine, nikaanza kueleza. Akaniinulia mkono ninyamaze, akafungua kesi, akatoa bobini yangu, akaitikisa sikioni. Kisha akavuta droo, akatoa bobini kuukuu imepauka, akazisimamisha mbili hizo juu ya bamba la mashine, ubavu kwa ubavu.

Moja ilikuwa fupi.

"Mwanangu, hii si ya mashine hii," akasema. Basi. Hakunicheka, hakunihubiria.

Ukiziangalia kwa juu huwezi kuzitofautisha, maana upana wake unakaribia kulingana, milimita 20 na kidogo. Tofauti iko kwenye kimo. Bobini ya mashine yangu ni ile inayoitwa klasi 15, kimo chake ni kama milimita 11.7. Za kwenye pakiti ni aina inayoitwa L, kimo milimita 8.9. Karibu milimita tatu za hewa. Inaingia kwenye kesi bila kukataa, kesi inafunga, lakini ndani bobini inacheza kushoto kulia, inainama, uzi mara unabanwa mara unaachiwa. Ndiyo maana mshono wangu ulikuwa unabadilika. Ndiyo maana ya kugongagonga.

Na ile bobini kuukuu ya mzee ilikuwa imetoka kwenye Butterfly ya kukanyaga. Akaijaza uzi, akaiweka kwenye cherehani changu cha umeme, kikashona. Akanieleza kwamba mashine zile zimefuata umbo la Singer ya zamani, namba 15, na jina la hiyo klasi limetoka huko. Kumbe mashine ya mama yangu na hii yangu mpya zinakula bobini moja! Kama muuzaji angeniambia hilo tu, ningechukua za mama nyumbani, na satini ya watu ingepona. Ila msiende mkajaza bobini yoyote kwa sababu mimi nimesema hivi. Vyerehani vinavyopokea bobini kwa juu, vile vyenye kifuniko cha plastiki cha kuona ndani, vingi vinataka za plastiki za kwake. Beba ya kwako iliyokuja na mashine, isimamishe na ile unayouziwa, angalia kimo kabla hujatoa hela.

Skrubu ilimsumbua mzee zaidi kuliko bobini. Alikuwa anailegeza kidogo, anaining'iniza kesi kwa uzi wake hewani, anaitikisa kidogo. Inatakiwa ikae, ukiitikisa ishuke kidogo na isimame. Ikianguka moja kwa moja, imelegea. Ikiganda hata ukitikisa, imekazwa mno. Yangu ilikuwa imeganda kabisa, na kichwa cha skrubu kimeliwa na ile bisibisi. Aliirudisha karibu na ilivyokuwa, si kamili. Hela aliyonitaja ilikuwa ndogo mpaka nikaona aibu, nikaongeza.

Baada ya hapo cherehani kimerudi kuwa kile kile nilichokipenda. Kitenge, satini, shifoni, hata turubai jepesi la jirani kimelipita. Kwa hiyo nafuta nilichokiapia: kinunueni. Ni kizuri. Ingawa kijitabu chake hakina hata neno moja la Kiswahili, na ukurasa unaoeleza aina ya bobini ni picha ndogo isiyosomeka, na hilo ni kosa kubwa kwa mashine inayouzwa kwetu. Kama wangeandika neno moja hapo, kusingekuwa na kisa hiki. Nikilifikiria hili nyota ya tano inatoka. Nikilifikiria zaidi, hata ya nne inatikisika.

Duka ni habari nyingine. Jamaa zangu wananiambia niache, ni bobini tu, bei yake haifiki nauli. Siachi. Tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani ipo kumlinda mlaji asiuziwe kitu kwa maelezo ya uongo. "Bobini zote ni moja tu" ni maelezo ya uongo, na yaliniondolea kazi na wateja. Risiti ninayo, pakiti ninayo, zimebaki humo bobini ambazo sijazigusa. Nilikuwa nimeshaanza kuandaa barua, nikasita, nikasema labda yule kijana kweli hakujua, labda naye alipewa droo ile akaambiwa uza. Inawezekana. Lakini kutojua hakumlazimishi mtu kumcheka mteja mbele ya duka zima. Kwa hilo peke yake barua nitaimalizia.

Nina tatizo moja bado. Skrubu ile inalegea taratibu kila nikishona kazi nyingi, inabidi niirudishe tena na tena, na kichwa chake kinazidi kuliwa. Nahitaji kesi mpya ya chuma, ya klasi 15, ya kuingia kwa mbele. Anayejua duka la vipuri ambalo wataniruhusu niijaribu kwanza na bobini yangu pale pale kaunta, aniambie. Niko Mbagala, lakini hata likiwa Tegeta nitakwenda.