Deed poll (hati ya kubadilisha jina) ya mtoto kupitia wakili, Mombasa: nampa nne kwa tano

Naanza na maksi kabisa ili asiyetaka kusoma yote aende zake: makaratasi tano kwa tano, kupokea simu mbili kwa tano, bei sawa. Ofisi sitaitaja jina na si kwa ubaya, ni kwamba jina la mwanangu la zamani na jipya yote yametoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na lile gazeti linasomwa na yeyote mtandaoni, sasa nikitaja na wakili ni kama nimewaelekeza watu hadi mlangoni kwangu. Ni ofisi ndogo tu mjini hapa, ghorofani, wakili mmoja wa makamo na karani mmoja.

Hali yangu ndio hii: mtoto yuko gredi ya nne, cheti chake cha kuzaliwa kina jina la babake, na babake tangu mtoto anajifunza kutembea hajaonekana, salamu tu hatumi. Karo ni mimi, hospitali ni mimi. Shuleni mtoto mwenyewe alishaanza kuandika jina la babu yake, babangu mimi, juu ya daftari, mwalimu anakata kwa peni nyekundu anaandika lile la kwenye cheti, kesho yake mtoto anarudia tena. Nikasema hili liishe kisheria kabla hajafika gredi ya sita akasajiliwa KPSEA, ule mtihani wa kitaifa wa gredi hiyo, maana jina likishaingia kwenye mitihani kulitoa ni vita vingine.

Kwanza nilipita kwa jamaa mmoja wa saiba (duka la intaneti) anayefanyia watu fomu. "Mama hiyo kazi ndogo sana, lete elfu tano nikutolee cheti kipya, upande wa baba tunaacha wazi." Cheti kipya kwa mtoto ambaye tayari anacho! Yaani mtoto mmoja, rekodi mbili za kuzaliwa. Nilimshukuru nikatoka, na nawaomba na nyinyi mtoke, hapo ndipo wengi wanaliwa pesa na kubaki na karatasi feki.

Kitu ambacho hao hawakwambii: sheria ya usajili wa vizazi na vifo, kifungu cha 14, inampa mzazi miaka miwili tangu mtoto asajiliwe kubadilisha jina huko huko kwa msajili wa vizazi. Kwa hiyo kama wako bado ananyonya usikimbilie wakili, nenda mwenyewe kwanza. Ikishapita ile miwili ndio unaingia njia ya deed poll. Na kuna wanaosema eti tangu kesi ya 2016 mama anafanya atakavyo, hapana jamani. Ile kesi ya Mahakama Kuu, Jaji Mumbi Ngugi, ilikuwa ya mama aliyetaka jina la baba liandikwe kwenye cheti bila kungoja baba akubali, jaji akasema kifungu cha 12 cha sheria hiyo hiyo kinapingana na katiba. Ule ni mlango wa kuingizia jina la baba, sio wa kulitolea.

Sasa wakili. Siku ya kwanza nilidhani ataanza na pesa, akaanza na baba. Unajua alipo? Nikamwambia namba yake ninayo ila hapokei. Akasema basi hatuwezi kuapa kwamba hajulikani alipo, "dada yangu kiapo ni chako, si changu, ukikamatwa na uongo ni wewe." Akaandika barua ya kumjulisha, ikaenda kwa posta ya rejista hadi anwani ya kwao, na ikatumwa pia WhatsApp kwa simu ya ofisi. Tiki mbili za bluu, kimya. Wakangoja muda waliompa ukaisha, wakapiga picha ile skrini, ikaambatanishwa kwenye kiapo pamoja na barua ya chifu, barua ya shule kwamba mlipaji karo ni mimi, na taarifa ya M-Pesa. Kwangu mimi hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Fomu yenyewe ya deed poll ni kitu kifupi, mtu anaweza kuichapa kwa dakika kumi. Kazi iko kwenye kueleza baba ambaye yupo lakini hayupo, bila kudanganya.

Na hakubali matusi. Nilikuwa nimemwandikia karibu ukurasa mzima kuhusu huyo bwana, wote akaukata ukabaki sentensi moja, kwamba hajachangia matunzo tangu mwaka fulani. Eti hasira zangu hazimsaidii mtoto, kinachotafutwa ni faida ya mtoto. Roho iliniuma kidogo lakini kiapo kilitoka safi.

Jambo jingine lililonifurahisha, mtoto akiwa na miaka 16 na zaidi lazima mwenyewe akubali, wangu hajafika, lakini wakili alimwita ndani peke yake mimi nikabaki kwa karani. Alipotoka nikamuuliza umeulizwa nini, akasema "ameniuliza nataka jina gani, nikamwambia lile la kwenye daftari."

Lawama sasa. Nakala ya kwanza ilikuja na jina la babu limekosewa herufi moja, nimeligundua kwa sababu nilikuwa na kitambulisho cha mzee mkononi nalinganisha herufi kwa herufi, fanyeni hivyo hivyo, msisaini kwa kuamini. Walirekebisha siku hiyo hiyo bila kunichaji. Lakini baada ya hati kupelekwa kwenye rejista ya nyaraka ofisi ilinyamaza, ukipiga simu karani anakwambia "bado tunangoja gazeti mama," kesho hivyo hivyo. Gazeti hutoka Ijumaa, na tangazo letu nililiona mimi mwenyewe kwenye simu kabla wao hawajanambia chochote! Nyota moja nimeitoa kwa hilo tu.

Bei ilikuwa 18,000 yote ndani, kuandika, kiapo, kusajili na tangazo la gazeti, nusu mwanzo nusu mwisho, na risiti nilipewa.

Wengi mmeniuliza kama sasa baba ameondolewa. Hapana. Jina limebadilika, mzazi habadiliki. Katiba kifungu cha 53 inasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto wawe wameoana au la, kwa hiyo nikitaka kumdai matunzo kesho naenda mahakama ya watoto kama kawaida, na yeye akitaka kuja kudai kumuona mtoto anaweza kuja pia. Anayefanya hii deed poll ili kumfuta mtu ajue hapati hilo. Shoga yangu Muislamu naye akanambia kwao mtoto anaitwa kwa babake hata kama babake katoroka, yeye hawezi kugusa nasaba, kwa hiyo wa upande huo zungumzeni na kadhi kwanza kabla hamjalipa mtu.

Na hati hii haifanyi kama lile jina la zamani halikuwahi kuwepo. Cheti cha kuzaliwa, deed poll na ukurasa wa gazeti vinatembea pamoja, popote utakapokwenda wataviomba vyote vitatu. Mwambie wakili akupe nakala kadhaa zilizothibitishwa siku ile ile unayomalizia pesa, wangu alinipa mbili, moja shule wameiweka kwenye faili hairudi, na sasa hospitali wanataka yao na karani, kama kawaida, hapokei simu.