Uzoefu wangu na tvN: kituo cha kebo cha Korea Kusini, kizuri wapi na kinachosha wapi

Nianze na alama. Kwa tamthilia naipa tvN 9 kati ya 10. Kwa vipindi vya burudani 6, na hizo nne zilizopungua ni kosa la manukuu zaidi kuliko la watayarishaji. Ila 9 hiyo si ya kila chenye nembo ya tvN. Ukichagua kwa sura za waigizaji utaambulia vibovu vingi. Ukichagua kwa jina la mwandishi na mwongozaji, ni nadra kujuta.

Kituo kilianza kurusha matangazo tarehe 9 Oktoba 2006, chini ya tawi la burudani la kampuni ya CJ, ambayo mizizi yake ni sukari na vyakula. Siku hizi kinamilikiwa na CJ ENM, kampuni ya burudani ya CJ hiyohiyo. Miaka ya mwanzo kilijulikana kwa vipindi vya kuchokoza na bajeti ndogo. Kilichodumu kati ya vile vya zamani ni Rude Miss Young-ae, kisa cha mfanyakazi wa ofisini asiyebembelezwa na mtu: kilianza 2007 na kufika msimu wa 17 mwaka 2019.

Kuna jambo moja ambalo wageni wa tvN hawalijui: hakina taarifa ya habari. Leseni yake haikiruhusu. JTBC, TV Chosun, Channel A na MBN, vituo vingine vya kebo vilivyoanza pamoja kurusha vipindi vya kila aina tarehe 1 Desemba 2011, vina ruhusa hiyo. Kwa hiyo tvN hakina pa kujificha. Tamthilia na burudani zikidorora, hakuna kingine cha kumshika mtazamaji.

Mabadiliko yaliletwa na watu waliohama kutoka KBS, shirika la utangazaji la umma. Mwongozaji Shin Won-ho na mwandishi Lee Woo-jung walitoa tamthilia ya Reply 1997 mwaka 2012, kisha Reply 1994, kisha Reply 1988, ambayo sehemu yake ya mwisho Januari 2016 ilifikia asilimia 18.8 ya watazamaji. Kwa kituo cha kebo wakati ule, huo ulikuwa mtikisiko. Na Young-seok naye alihamia 2013 na kuleta Grandpas Over Flowers, wazee waigizaji wanaosafiri na mabegi mgongoni, halafu Three Meals a Day, ambamo kazi yote ni kupika milo mitatu kijijini. Kim Won-seok, mwingine wa KBS, ndiye aliyeongoza Misaeng (2014), Signal (2016) na My Mister (2018). Kama una nafasi ya tamthilia tatu tu maishani, chukua hizo tatu za Kim Won-seok. Sibishani na mtu kuhusu hilo.

Mwaka 2016 CJ iliunda Studio Dragon, kampuni ya kutengeneza tamthilia, na kuwakusanya humo waandishi wakubwa. Hapo ndipo ilipotoka Guardian: The Lonely and Great God ya Kim Eun-sook, na baadaye Crash Landing on You ya Park Ji-eun, iliyomalizika Februari 2020 kwa asilimia 21.7. Rekodi hiyo ilivunjwa Aprili 2024 na Queen of Tears, asilimia 24.85, ya mwandishi huyohuyo. Lakini namba hazisemi yote. Lovely Runner ya mwaka huohuo haikufika hata asilimia 6 nchini kwao, ilhali ilizungumzwa dunia nzima. Na pesa nazo hazisemi kitu: When the Stars Gossip ya 2025, iliyoripotiwa kugharimu takriban won bilioni 50, ilianguka chali.

Ratiba ina maana kuliko unavyodhani. Tamthilia ya Jumamosi na Jumapili ndiyo kiti cha enzi: bajeti kubwa, mwandishi mwenye jina. Jumatatu na Jumanne ni uwanja wa majaribio, mara nyingi mapenzi mepesi au hadithi kutoka katuni za mtandaoni. Humo ndimo ilimotoka Marry My Husband. Ya wikendi huanza karibu saa 3:20 usiku kwa saa za Seoul, yaani saa 9:20 alasiri Nairobi na Dar es Salaam, saa 10:20 Muscat. Kazi ikiwa na mkataba na Netflix, sehemu mpya kwa kawaida huwekwa kabla jioni yetu haijaisha.

Sasa mambo ya kiutendaji. Muundo uliozoeleka ni sehemu 16, kila moja dakika 70 hadi 80, na za mwisho huzidi saa moja na nusu. Siku hizi sehemu 12 zinazidi kuwa kawaida, kama Our Unwritten Seoul na Bon Appétit, Your Majesty, zote za 2025, na mimi nafurahi, maana sehemu ya 11 hadi ya 13 za muundo wa zamani ndipo hadithi huanza kuzunguka palepale: wapenzi wanaachana bila sababu ili muda uende. Hesabu ya bando: Netflix hukadiria saa moja kuwa hadi GB 0.3 kwa ubora wa chini, 0.7 kwa wa kati na 3 kwa wa juu (HD). Sehemu 16 za dakika 75 ni saa 20. Hiyo ni GB 6, 14 au 60. Kwenye skrini ya simu ubora wa chini unatosha, isipokuwa Mr. Sunshine, ile ukiipunguza umeidhulumu.

Kitu muhimu kuliko vyote: usiruhusu sehemu inayofuata ijianzishe yenyewe. Crash Landing on You huweka kipande kifupi mwishoni mwa sehemu, na vipande hivyo ndivyo vinavyofichua kilichotokea Uswisi kabla hadithi haijaanza. Queen of Tears nayo ina mtindo huo. Programu ikiona majina yanapita, inakurusha mbele na wewe hujui ulichokosa. Ingia kwenye akaunti yako kupitia kivinjari, fungua mipangilio ya wasifu wako, nenda sehemu ya uchezaji, uondoe alama ya vema kwenye kuendelea moja kwa moja.

Ukiona kisu au sigara vimetiwa ukungu, simu yako haina tatizo. Ndivyo vituo vya Korea vinavyokwepa rungu la msimamizi wa utangazaji, na toleo la kimataifa mara nyingi hubaki hivyohivyo.

Kero yangu kubwa ni matangazo yaliyofichwa ndani ya hadithi. Mhusika analia, kisha anamenya pipi ya kahawa na kuielekeza nembo kwetu: Kopiko imeonekana Vincenzo na Hometown Cha-Cha-Cha, zote za 2021. Vincenzo ilivuka mpaka ilipoonyesha bibimbap, wali wa mboga wa Kikorea, ya pakiti ya kampuni ya China. Wakorea walikasirika, na onyesho likaondolewa kwenye toleo la mtandaoni. Sababu ni pesa: ada ya kituo haitoshi kulipa gharama, hivyo watengenezaji hufidia kwa bidhaa.

Aibu nyingine inayostahili kutajwa ni A Korean Odyssey. Tarehe 24 Desemba 2017 sehemu ya pili ilirushwa kabla picha hazijakamilika. Nyaya zilizowashikilia waigizaji zilionekana wazi, matangazo yakakatika, mwisho yakasitishwa. Siku moja kabla, mfanyakazi alikuwa ameanguka eneo la kurekodi na kuumia vibaya. Hayo ni matunda ya kurekodi wiki hii kinachoonyeshwa wiki hii. Tangu hapo tamthilia zinazorekodiwa mapema zimeongezeka.

Kuhusu burudani: ucheshi wa Na Young-seok uko nusu kwenye maneno ya rangi yanayorukaruka juu ya skrini, na wafasiri huyaruka mengi. Unamwona mtu anacheka, hujui kwa nini. Anza na vile ambavyo vitendo vinajieleza, kama Jinny's Kitchen kwenye Prime Video, mgahawa wa vyakula vya Kikorea huko Mexico. You Quiz on the Block acha kwanza. Ni mazungumzo matupu, na bila kuwajua wageni wake utasinzia.

Pa kuvipata pametawanyika. Reply 1988, My Mister, Hospital Playlist na Queen of Tears nimezitazama Netflix. Marry My Husband iko Prime Video. Lovely Runner niliikuta Viki, jukwaa la tamthilia za Asia. TVING, jukwaa la CJ lenyewe, limejengwa kwa walio Korea, usipoteze muda kujisajili. Manukuu ya Kiswahili sijayakuta kwenye hata moja kati ya hizi, kwa hiyo Kiingereza utakihitaji. Kabla ya kulipia mwezi, andika jina la tamthilia kwenye sehemu ya kutafuta kwa akaunti ya mtu mwenye huduma hiyo katika nchi uliyopo, kwa sababu orodha ya Tanzania na ya Oman hazilingani.