Fundi wa fremu nyuma ya Marikiti

Marehemu baba aliniachia nakala 11 za Joe, lile jarida la vichekesho la Nairobi walilolianzisha Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973. Majalada mengi aliyachora Hirst mwenyewe, na mimi nayahesabu kuwa sanaa kama picha yoyote ya kununua. Kila nakala baba aliandika jina lake kwa wino kwenye kona ya juu. Nikaona haifai kuyaacha sandukuni yaliwe na mende. Yapambe sebule yetu hapa Kibokoni, Mombasa.

Mara ya kwanza nilikosea duka, nami silitaji. Walilipaka jalada gundi mgongo mzima, wakalibandika kwenye hadibodi na kulibana kwa kioo. Masika hayajaisha, karatasi imefanya mawimbi, ukungu umeingia, wino umegandana na kioo. Kulibandua, wekundu wote ukabaki kiooni. Nililia.

Shemeji ndiye aliyenielekeza kwa huyu mzee. Duka halina bango. Utalijua kwa harufu ya mbao na vioo vilivyoegemezwa mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na swali lake la kwanza halikuwa rangi ya fremu.

"Waitundika ukuta gani, mwanangu? Jua laingilia wapi?"

Karatasi rahisi ya majarida hutokana na mbao, na jua huigeuza manjano mpaka ikavunjika kama biskuti. Ukuta unaopigwa na jua la asubuhi akaukataa katakata.

Kazi yake sasa. Anakata kadibodi nene nyeupe, anaitoboa dirisha, jalada linakaa nyuma yake lisiguse kioo. Gundi ya dukani hatumii. Anashika ukingo wa juu peke yake, kwa vijikaratasi viwili vyembamba na uji wa wanga, jalada lining'inie kama leso kambani. Hewa yetu ya bahari ikiijaza karatasi unyevu, ina nafasi ya kutanuka na kunywea bila kujikunja. Nyuma ya fremu akabandika vipande vya kizibo kona zote nne, isilalie ukuta wa mawe na chokaa unaotoka jasho. Hilo sijaliona kwa fundi mwingine.

Kasoro zipo. Aliniahidi wiki moja, zikawa mbili na siku tatu. Fremu moja pembe yake haikukutana sawasawa, ukisogea karibu unaona ufa. Karatasi isiyo na asidi ya kutenga jalada na hadibodi hana, nilinunua mwenyewe, mkumbusheni. Bei ni shilingi 1,900 kwa fremu, karibu mara mbili ya kule kwa kwanza, na nilimlipa kwa moyo mweupe.

Manne yako ukutani tangu mwaka jana na hakuna lililopinda. Juzi nikampelekea lile lililoharibika. Aligusa ile kona kwa kidole, akasema atakata dirisha dogo lifiche madoa, libakishe nusu ya mchoro na jina la baba.